Lenzi ya Japicha

Ukiuliza leo hapa Sindo, mji wetu wa kando ya ziwa, habari za yule mpiga picha aliyekuwa na chumba karibu na ghala la barafu, watakuambia alikuwa mlevi. Watakuambia aliharibu harusi ya binti wa mwenyekiti wa wavuvi kwa ajili ya pombe, kwamba aliangusha kamera, akaendelea kupiga picha za ukungu kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha akahama kwa aibu. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wana picha zake ukutani mpaka leo. Lakini siku ile hakuwa amelewa, na si yeye aliyeiangusha kamera. Niliiangusha mimi.

Nimelisema hilo mwanzoni ili asije mtu akadhani ninamsifu kwa moyo mweupe. Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na miwili. Mimi ni fundi wa kushona, na chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa mabati tu. Nilimsikia akikohoa, akisali, akigombana na wateja. Naye bila shaka alinisikia vivyo hivyo.

Tulimwita Japicha, yaani mtu wa picha, jinsi Wajaluo wanavyomwita kila mtu kwa kazi yake. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni iliyobandikwa mlangoni, na sidhani kama kuna aliyewahi kulisoma. Alikuwa Mkuria wa upande wa Ntimaru. Miaka yote ile Kijaluo chake kilibaki cha kununulia samaki na kusalimia wazee, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili. Aliniita Fundi, hata mbele ya watoto wangu. Hakuuliza sana mambo ya watu, na watu hawakumuuliza yake. Jambo hilo lilimfaa mpaka siku alipohitaji mtu wa kumtetea.

Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa na ulimi mkali. Alikuja karani mmoja wa ofisi ya chifu akataka picha yake ing'arishwe uso uwe mweupe kidogo. Japicha akamwambia kamera yake haina poda, na kama anataka poda duka liko ng'ambo ya barabara. Mara moja nilimshonea mke wa mchungaji gauni, akaja nalo kupigwa picha. Japicha alimzungusha, akamtazama mgongoni, akamwambia nikiwa nimesimama pale pale kwamba bega moja limekaa juu. Nilinuna wiki nzima. Mwisho nikaliomba lile gauni, nikalifumua, na kweli bega moja lilikuwa juu.

Watu waliokuja kwa picha za kitambulisho alikuwa akiwakataza kucheka. "Kacheke nyumbani," aliwaambia. "Hapa kaa kama wewe." Kisha angewaambia wamfikirie mtu ambaye hawajamwona siku nyingi, na wakishaanza kumfikiria ndipo alipobonyeza. Kwa sababu hiyo wavuvi wa Sindo, watu wa kelele na matusi, wametoka kwenye vitambulisho vyao kama watu waliofiwa. Walilalamika. Lakini nimeona wake zao wakizichukua picha zile zile ndogo na kurudi nazo kwake ili azikuze, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuwaona waume zao wakiwa hivyo.

Kamera aliitunza kupita kiasi. Aliiviringisha kwa shali ya mtoto, ile ya sufu ya manjano, akaiweka kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa. Ukila samaki wa kukaanga ukaingia studio, alikutoa nje mpaka unawe. Wapwa zake walipomtembelea wakati wa likizo, hawakuruhusiwa hata kukaa kwenye benchi lililokuwa karibu na lile sanduku. Miaka yote ile sikumwona akimpa mtu kamera aishike. Ndugu wa bwana harusi wangeomba mmoja wao aijaribu, yeye angetikisa kichwa na kuendelea na kazi.

Alikuwa Msabato, na hilo lilimpa hasara isiyo na mwisho. Huku kwetu maiti huzikwa Jumamosi. Watoto wanatoka Nairobi na Mombasa, magari yanafika Ijumaa, Jumamosi mtu anazikwa na Jumapili watu wanarudi kazini. Mpiga picha asiyefanya kazi Jumamosi ni kama muuza mboga anayefunga siku ya soko. Yeye alikwenda Ijumaa mchana, akapiga jeneza likiteremshwa garini, akapiga familia ikiwa bado na vumbi la safari, na jua likianza kushuka alifunga kamera na kuwaaga. Watu walimwambia amewaacha na nusu ya mazishi. Alijibu kwamba nusu hiyo ameipiga vizuri.

Lakini kuna Jumamosi moja alifungua. Mama mmoja wa upande wa vilimani alikuja na mtoto mchanga aliyefia zahanati alfajiri ile. Alikuwa amembeba kifuani kama wanavyobebwa walio hai. Alitaka picha kabla hajamzika, kwa sababu mtoto hakuwa amepigwa hata moja. Nilikuwa chumbani kwangu nikishona. Nilimwambia mwenye studio yuko kanisani na hatoki. Yule mama hakulia wala hakuomba, alikaa tu chini mlangoni. Nikaona aibu, nikaenda kumwita. Japicha alitoka kanisani, akafungua studio, akanawa mikono. Akamwomba mama akae kwenye kiti, akamrekebishia kitambaa cha mtoto kwa vidole viwili. Alipiga picha tatu. Akachapa moja pale pale, akaifunga kwenye karatasi, akampa. 

Kisha akarudi kanisani, akasimama mbele ya wazee akawaambia amefanya kazi siku ya Sabato. Hakuna aliyemwona zaidi yangu, na mimi si wa kanisa lake. Wangefahamu vipi? Walimsimamisha kufundisha somo la watoto kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza kwa nini alijipeleka. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Nilifungua," akasema. "Sasa ningesema sikufungua?"

Alikuwa na jambo moja la zamani ambalo alilificha. Kabla ya kuja Sindo alikuwa akinywa. Aliniambia mwenyewe siku moja mvua imetufungia ndani, mimi natia vifungo na yeye ameegemea mlango wangu. Alikunywa kwa miaka kadhaa, akapoteza nyumba na mke, akaacha, na tangu aache hajagusa. Hakutaka nimwonee huruma. Aliniambia kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza njia hiyo hiyo, na alitaka nijue kwamba mtu anaweza kuacha lakini hawezi kuachishwa. Akaniomba yasiende mbali. Nikamwambia hayatakwenda.

Harusi ya binti wa mwenyekiti ilipangwa Jumapili alasiri, baada ya ibada, na ilipangwa hivyo kwa ajili ya Japicha. Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa pale ufuoni, mwenye mashua nyingi, na angeweza kuleta mpiga picha kutoka Kisumu. Lakini bibi harusi, Adhiambo, alimtaka Japicha. Alikuwa na picha aliyopigwa naye akiwa darasa la saba na akaikubali, na kwa msichana wa umri ule hilo si jambo dogo. Mimi nilishona magauni yote, la bibi harusi na ya wasimamizi sita.

Miezi michache kabla ya hapo Japicha alikuwa amenunua lenzi nyingine, iliyotumika lakini nzuri. Aliifuata Nairobi mwenyewe. Ile siku aliyorudi nayo alinigongea ukuta nije niione. Alipiga jani la mpapai lililokuwa nje, akanionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera jinsi mishipa ya jani ilivyotoka mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona amefurahi namna ile kabla ya hapo, wala baadaye.

Siku ya harusi nilikuwa pale kanisani kurekebisha pindo la msimamizi mmoja lililokanyagwa. Nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea, lenye kola ya kusimama ambayo ilinichukua siku mbili. Watu walikuwa wamejipanga kwenye ngazi za saruji kwa picha ya familia. Adhiambo alilelewa na nyanya yake, mama wa mama yake, ajuza wa kisiwani aliyeletwa kwa mashua asubuhi ile huku amefungwa blanketi. Nyanya hakuweza kusimama. Japicha aliangaza huku na huku, vijana wote wamesimama kwa suti na hakuna anayesogea. Akanigeukia.

"Shika, Fundi," akasema. "Vaa mkanda shingoni. Namletea mama kiti."

Akanipa. Niliihisi nzito kuliko nilivyodhani. Na mkanda sikuvaa. Niliona utavunja ile kola.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Sikuwa mtoto wa kusema sikujua. Mtu aliniita kwa nyuma, mke wa mwalimu mkuu, akitaka kusifu gauni, nikageuka na kuinua mkono mmoja kumsalimia. Kamera ikateleza. Niliikamata kwa vidole, ikanitoka tena, ikagonga ukingo wa ngazi kwa mdomo wa lenzi na kulala ubavu. Haikutoa kelele kubwa. Wakati ule ule gari la bwana harusi lilikuwa likipiga honi na watu wote walikuwa wametazama huko. Yule mke wa mwalimu alikuwa tayari ameshikwa mkono na mtu mwingine.

Niliiokota. Nikaifuta na leso. Kioo kilikuwa kizima, hakina ufa. Ile pete ya mbele ilikuwa imebonyea kidogo upande mmoja, kama sufuria iliyoanguka. Nikajiambia kioo ni kizima, basi ni nzima.

Japicha alirudi na kiti, akamkalisha nyanya upande wa kushoto ambako kulikuwa na kivuli, akamtengeneza blanketi magotini. Akaja akachukua kamera. Alipozungusha lenzi ilitoa sauti ya kusaga, kama mchanga kwenye meno. Akasimama. Akazungusha tena.

"Fundi, kuna kitu kimeipata hii?"

"Hapana," nikasema.

Alinitazama. Kamera yake ya zamani, na lenzi yake ya zamani, zilikuwa studio, kabatini. Pikipiki ingekwenda na kurudi kwa dakika kumi. Ningesema ndiyo, angemtuma mtu, harusi ingengoja dakika hizo kumi, na hadithi yote ingeishia hapo. Angenikasirikia mwezi mzima, labda mwaka. Mpaka leo nayahesabu hayo.

"Sawa," akasema, akaanza kazi.

Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, na jua lile, picha zilionekana sawa. Ni zilipochapwa kubwa Homa Bay ndipo ubaya ulipotoka. Alirudi nazo Jumatano. Nilimsikia akizipanga mezani moja moja, kisha akizipanga tena. Aliniita. Upande wa kulia wa kila picha ulikuwa safi, unahesabu hata shanga. Upande wa kushoto watu wote walikuwa kama wametazamwa kupitia maji machafu. Na kushoto ndiko alikokuwa amekaa nyanya. Kwenye ngazi, kwenye hema, wakati wa keki, popote kiti kile kilipohamishwa, kilihamishiwa kushoto, upande wenye kivuli. Hakukuwa na picha hata moja ambayo uso wake ulionekana.

Nilisimama pale nikasema maskini, itakuwaje. Ndiyo maneno niliyoyasema.

Nyanya alifariki kabla miezi miwili haijaisha. Adhiambo alikuja studio mwenyewe, mjamzito, akaomba zile picha zote ambazo hazikuchapwa azipitie, labda kuna moja. Alikaa mbele ya kompyuta toka asubuhi mpaka saa kumi. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta. Hakulalamika. Kabla ya kuondoka alimuuliza Japicha kama anakumbuka nyanya alikuwa amevaa hereni au hakuvaa. Japicha akasema hakumbuki.

Baada ya hapo walikuja kaka zake watatu. Walimwambia walifanya makosa kumpa mtu wa nje kazi ya nyumbani, wakatumia neno la Kijaluo la mtu asiye wetu, *jamwa*, ambalo alilielewa vizuri. Walifungua kabati wakachukua kamera ya zamani, lenzi yake na taa zote. Watarudisha, walisema, siku atakayowarudishia uso wa nyanya yao. Hakuwazuia. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, mguu juu ya cherehani, sisogei.

Lakini hilo la kukaa kimya silo baya kuliko yote. Kuna siku nilikuwa bombani nachota maji, wanawake wakaanza kuulizana ilikuwaje mtu makini vile akaharibu kazi. Mmoja akanigeukia, akasema wewe ni jirani, hebu tuambie, huwa anakunywa? Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa kweli na ilikuwa rahisi. Nikasema, "Zamani alikuwa anakunywa."

Sikuongeza kitu. Nilijitwisha mtungi wangu nikaenda. Kabla ya Jumapili mji mzima ulikuwa unajua alikuwa amelewa harusini, na wengine walikuwa wamenusa pombe wenyewe. Kanisa lake lilimwita kumuuliza. Aliwaambia hakunywa. Hawakumwamini, na yeye ndiye mtu aliyejipeleka kwao kwa miguu yake kuungama picha ya maiti ya mtoto.

Alijaribu kuitengeneza ile lenzi. Aliipeleka Homa Bay wakamwambia hawafungui vitu kama hivyo. Aliipeleka Migori kwa fundi wa simu aliyejisifu kwamba anaweza, akaifungua, akapoteza skrubu moja ndogo kama mbegu ya mchicha, akaifunga vibaya zaidi. Waliomuuzia Nairobi walimwambia kipande cha ndani kimehama mahali pake, na kukirudisha ni kazi ghali kuliko kununua nyingine. Kununua nyingine hakuweza. Wateja walikuwa wanapungua, na vijana walikuwa wameanza kupiga kwa simu.

Kwa hiyo akaamua kuishi nayo. Aligundua kwamba mtu akisimama kulia kabisa hutoka safi. Basi kila aliyeingia studio aliwekwa kulia, na kushoto akaacha pazia tupu, kisha anakata. Wanafunzi waliomaliza shule aliwapiga makundi mawili, kila kundi limebanwa upande mmoja, halafu akaunganisha. Ukitazama picha za miaka ile utaona mabega ya watu yameelemea upande mmoja kama wanasukumwa na upepo. Watoto wa shule walikuwa wakipita mlangoni wanasimama kwa upande wakijibana ukutani, kisha wanakimbia wakicheka. Yeye aliwatazama tu. Aliendelea kunawa mikono na kuiviringisha kamera kwa ile shali ya manjano, kamera mbovu, jioni baada ya jioni.

Ulimi wake nao ulibadilika. Wengine wangedhani angekuwa mkali zaidi. La, akawa mpole kwa kila mtu, upole wa mtu anayehofia kufukuzwa. Akawa anakubali kuwang'arisha watu nyuso pichani. Nilimsikia siku moja akimwambia mteja acheke tu, acheke atakavyo. Hilo liliniuma kuliko siku ile walipochukua kamera yake.

Na kwangu? Kwangu hakubadilika hata kidogo. Alinisalimia asubuhi, alinipa gazeti akishalisoma. Nilipofiwa na mama alikuja Ijumaa, akapiga picha zote akitupanga upande wa kulia, akakataa malipo. Mara nyingi nilisimamisha cherehani nikainuka, nikafika mlangoni, nikarudi. Nilijipa sababu. Watoto wako shule. Mume wangu atanipiga. Mwenyekiti atanifukuza kwenye chumba, kwa sababu jengo lilikuwa la ndugu yake. Zilikuwa sababu za kweli zote, na hakuna hata moja iliyonizuia. Kilichonizuia ni kwamba nilishasema hapana, na kila siku iliyopita ile hapana ilizidi kuwa kubwa.

Miaka mitatu baada ya harusi alifunga studio. Mizigo yake ilikuwa mabegi mawili na lile sanduku. Aliniachia kioo kirefu cha wateja, akasema nitakihitaji kuliko yeye. Pikipiki ikaondoka naye. Hakuna aliyemsindikiza, na mimi nilisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni.

Ikapita miaka minne. Mwaka huu, mwezi uliopita, kaka yangu alitaka kununua dume kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yetu, akaniomba tuende wote Ogwedhi, kwa kuwa mnada wa kule una ng'ombe wazuri wa Wamaasai na bei hazijapanda sana. Tulifika soko limechangamka. Kaka akaingia kati ya ng'ombe na dalali wake. Mimi nilibaki pembeni kwenye vibanda, na nikasikia sauti ikimwambia mteja kwamba kamba anayotaka ni ya mbuzi, na kama ana dume basi dume hilo atalikimbiza mpaka Narok.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kamba za katani zimening'inia nyuma yake. Nywele zote nyeupe. Alikuwa amekonda, lakini si kwa ugonjwa. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimekakamaa kwa kusokota. Aliponiona hakushtuka.

"Fundi," akasema, kama niliyetoka chumba cha pili.

Nilikaa kwenye gunia lake la katani. Aliniuliza watoto, aliniuliza mume wangu kama aliacha pombe. Nikamwambia hakuacha, alikufa. Akasema pole. Aliniambia anakaa Ntimaru, anakuja huku siku za mnada tu, na kwamba kamera ipo nyumbani lakini haigusi. Hapo nikaona nikingoja tena nitakufa nalo.

"Mzee," nikamwambia, "ile kamera siku ya harusi niliiangusha mimi."

Aliendelea kusokota mpaka mwisho wa nyuzi alizokuwa nazo mkononi.

"Najua," akasema.

Akanieleza bila haraka. Ilipokuwa ikinitoka, vidole vyangu vilibonyeza kitufe, na kamera ikapiga. Aliikuta ile picha usiku wa siku ile ile alipozihamishia kwenye kompyuta. Imepinda, nusu yake ni ngazi na nusu yake ni uso wangu kwa chini, mdomo wazi, mkono umenyooshwa. Picha ya mwisho iliyotoka safi pande zote mbili, alisema. Alikuwa nayo Jumatano aliponiita kuona zile nyingine. Alikuwa nayo siku walipokuja wale kaka watatu. Angeigeuza tu kompyuta wakaona.

Nilimuuliza kwa nini hakuwaonyesha.

"Wangekuja kwako wachukue cherehani," akasema. "Ungewalisha nini watoto? Nikasema atakuja mwenyewe, aseme, tutajua la kufanya." Akaokota nyuzi nyingine. "Ule ukuta ulikuwa mabati tu. Nilikuwa nasikia cherehani yako ikisimama. Kila ikisimama nilisema, sasa anakuja. Miaka mitatu, Fundi. Siku moja ikasimama nikagundua sisikilizi tena. Ndipo nikahama."

Nilianza kulia, nikamwomba msamaha. Alinikatiza, si kwa ukali.

"Mimi usiniombe. Mimi nilijua. Kawaambie wale wasiojua. Kuna watu Sindo wanaoniita mlevi, na kuna yule msichana anayedhani nilimfanyia hivyo nyanya yake kwa uzembe. Una kanisa. Jumapili wanauliza nani ana neno. Simama useme."

Nikamwambia nitasema.

"Utasema?"

"Nitasema, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa. Mteja mwingine akaja akitaka kamba ya pima nne, na Japicha akageuka kumpimia, mkono huku na mkono kule. Kaka yangu aliniita, dume limepatikana. Nilipoinuka alinishika mkono, akaniambia nisafiri salama, na kwamba hiyo rangi ya gauni inanifaa.

Jumapili mbili za kwanza sikusimama. Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza kama kawaida nani ana ushuhuda. Adhiambo alikuwa amekaa mbele yangu viti viwili, na binti yake mdogo amelala begani pake. Kaka zake wawili walikuwa upande wa wanaume. Nilisimama. Mchungaji akasema karibu, mama, watu wakageuka, Adhiambo naye akageuka akanitabasamia kidogo.

Nikamshukuru Mungu kwa kutulinda njiani kwenda Ogwedhi na kurudi, mimi na kaka yangu. Watu wakasema amina, nikakaa.